Tulianguka Kigali, tukarudi na hesabu ya msuguano

Mwezi huu ukurasa wa shule na nyumbani tumeupeleka Kigali, na tumerudi na goti moja lililochubuka. Lakini hatukurudi mikono mitupu. Tumewaletea somo.

Ilikuwa hivi. Sisi wawili wa gazeti pamoja na kijana mmoja wa kambini, anayesoma Senior 3, tulishuka kituo cha mabasi cha Nyabugogo saa nane mchana. Tulikuwa tunaenda Nyamirambo kwa shangazi yake. Wanaoijua Nyamirambo wanajua: ndiko Kiswahili kinasikika kila kona, hasa pale Biryogo. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Tukapanda pikipiki, zile taksi-moto, kila mtu na yake, kofia ngumu kichwani kama sheria inavyotaka.

Kupanda mlima hakukuwa na shida. Shida ilikuja tulipovuka kilele na kuingia kichochoro cha mawe kinachoteremka. Mtoto mmoja akakatiza mbele na mpira wake. Dereva wetu akakanyaga breki ya nyuma yote, mara moja. Gurudumu likaacha kuzunguka, lakini pikipiki ikaendelea kwenda, ikaanza kwenda upande, na sisi tukajikuta kando ya mfereji. Mtoto hakuguswa, tunashukuru. Dereva aliinuka wa kwanza, akatushika mkono.

"Mzee, unisamehe. Nimeifunga breki yote. Gurudumu likishafunga, pikipiki haikusikii tena."

Tulipofika kwa shangazi na kupewa chai, yule kijana alikaa kimya muda mrefu. Mwisho akasema: "Ile ndiyo swali nililokosa kwenye mtihani. Nilikuwa nimekariri fomula, lakini sikujua kama ni kitu cha barabarani."

Basi, tukaona tusilale juu ya jambo hili. Wazazi wengi hapa kambini wanasema hawawezi kumsaidia mtoto fizikia, sababu shule za Rwanda zinafundisha kwa Kiingereza tangu uamuzi wa mwaka 2008, na sisi tuliosoma Kongo tulisoma kwa Kifaransa. Mtoto akisema "frikisheni", mama ananyamaza. Lakini mama aliyebeba bidoni la maji kwenye njia ya udongo wakati wa mvua anaijua frikisheni kuliko kitabu. Anachokosa ni hesabu yake tu. Twendeni polepole.

MSUGUANO NI NINI?

Vitu viwili vikigusana na kimoja kikitaka kuteleza juu ya kingine, kuna kani inayokataa. Hiyo ndiyo tunaiita msuguano. Bila hiyo usingeweza kutembea, mguu ungerudi nyuma kila hatua. Msumari usingeshika ubao. Fundo la kamba lingefunguka lenyewe.

Msuguano uko wa aina mbili, na hapo ndipo vijana wengi wanapoteza alama.

Wa kwanza ni msuguano tuli. Huu unafanya kazi wakati kitu bado hakijateleza. Unasukuma kabati, kabati limekaa tu.

Wa pili ni msuguano wa mwendo. Huu unafanya kazi wakati kitu kimeshaanza kuteleza. Kila aliyewahi kuhamisha kabati anajua: kulianzisha ni kazi, watu watatu wanahema, lakini likishaanza kwenda linakuwa jepesi kidogo. Kabati halikupungua uzito. Msuguano ndio umepungua, sababu kwa kawaida ule wa mwendo ni mdogo kuliko ule tuli.

Watu wamelichunguza jambo hili tangu zamani. Mtaliano Leonardo da Vinci aliandika habari zake kwenye daftari zake zaidi ya miaka 500 iliyopita. Mwaka 1699 Mfaransa Guillaume Amontons alitoa kanuni zake, na mwaka 1785 Mfaransa mwingine, Charles-Augustin de Coulomb, akazipima kwa makini zaidi. Kanuni walizoacha ni fupi: ukiongeza mzigo mara mbili, msuguano nao unaongezeka mara mbili, na ukubwa wa eneo linalogusana haubadilishi kitu. Tofali likilala au likisimama kwa ubavu, msuguano ni uleule.

NAMBA YA MSUGUANO

Sasa, kama msuguano unafuata mzigo, basi tukigawanya msuguano kwa kani inayokandamiza sakafu, tutapata namba moja isiyobadilika kwa vitu hivyo viwili. Hiyo ndiyo namba ya msuguano. Vitabu vya Kiswahili vinaiita kizigeu cha msuguano, watoto shuleni wanaiita koefishenti, na alama yake ni herufi ya Kigiriki µ, inayosomwa "myu". Haina kipimo chochote nyuma yake, si kilo wala mita. Ni namba tu.

Kwa kuwa misuguano ni miwili, namba nazo ni mbili. Hizi ni baadhi zinazopatikana vitabuni, na zote ni za kukadiria:

Mbao juu ya mbao: tuli 0.5, mwendo 0.3.
Mpira wa tairi juu ya zege kavu: tuli 1.0, mwendo 0.7.
Mpira wa tairi juu ya zege lenye maji: tuli 0.7, mwendo 0.5.
Mifupa kwenye kiungo cha goti lenye afya: karibu 0.016 tuli, 0.015 mwendo.

Angalieni hiyo ya mwisho. Goti la binadamu limelainika kuliko vitu vingine vyote kwenye orodha hii. Ndiyo maana likiumia unalisikia kila hatua, kama mmoja wetu anavyolisikia sasa.

SWALI AMBALO KIJANA WETU ALILIKOSA

Swali lilikuwa la namna hii: Sanduku la kilo 20 liko sakafuni. Namba tuli ni 0.5, namba ya mwendo ni 0.4. Mtu analisukuma kwa nyutoni 60. Je, msuguano ni kiasi gani?

Kijana aliandika 100. Alifanya hivi: kilo 20 mara 10 (nguvu ya mvutano wa dunia, tukikadiria) ni nyutoni 200. Kisha 200 mara 0.5 ni 100. Hesabu ni safi, lakini jibu ni kosa.

Jibu ni 60.

Kwa nini? Msuguano tuli ni kama mlinzi wa lango mwenye busara: anakupinga kadiri unavyomsukuma, si zaidi. Ukisukuma kwa 10, anajibu 10. Ukisukuma kwa 60, anajibu 60. Ile 100 ni mwisho wa nguvu zake tu. Kama sakafu ingejibu 100 wakati wewe unasukuma 60, sanduku lingegeuka na kuanza kukusukuma wewe! Hakuna aliyewahi kuona hivyo.

Sasa ongeza. Ukifika nyutoni 100, sanduku liko ukingoni. Ukizidisha kidogo tu, linaanza kuteleza, na hapo hapo msuguano unashuka mpaka 200 mara 0.4, yaani 80. Ukiendelea kusukuma kwa 100, kuna nyutoni 20 za ziada. Gawa 20 kwa kilo 20, unapata 1. Sanduku linaongeza mwendo wa mita 1 kwa sekunde, kila sekunde. Ndiyo maana mtu anayesukuma kabati mara nyingi anajikwaa pale linapoanza kwenda. Siyo uzembe, ni fizikia.

Vijana, shikeni hili: kabla ya kuzidisha µ na chochote, jiulize kwanza, "Kitu kinateleza au kimekaa?" Kama kimekaa, angalia kama nguvu inayosukuma imefika ukingoni. Kama haijafika, msuguano ni sawa na hiyo nguvu yenyewe.

PIMENI NYUMBANI

Hakuna haja ya maabara. Kule kwa shangazi Nyamirambo tulipima uani, na majirani wakaja kuangalia. Mnahitaji ubao mmoja wa mita 1, futi ya fundi au utepe wa cherehani, na kitu cha kutelezesha.

Lazeni ubao chini, wekeni kipande cha mbao juu yake. Mtu mmoja ainue upande mmoja wa ubao polepole, polepole kabisa. Kipande kitakaa, kitakaa, halafu ghafla kitateleza. Simameni hapo hapo. Pimeni urefu kutoka chini mpaka ncha iliyoinuliwa. Kisha pimeni chini, kutoka mguu wa ubao mpaka pale panapokuwa moja kwa moja chini ya ile ncha. Gawanyeni namba ya kwanza kwa ya pili. Hiyo ndiyo namba tuli. Kazi imekwisha!

Sisi tulipata kimo cha sentimita 45, na chini sentimita 89. Hivyo 45 gawa kwa 89 ni karibu 0.5, kama kitabu kinavyosema. Shangazi alipiga makofi.

Mtauliza, uzito uko wapi katika hesabu hii? Umejifuta wenyewe. Kitu kikiwa kwenye mteremko, uzito wake unagawanyika sehemu mbili: moja inakandamiza ubao, nyingine inavuta kuelekea chini. Ulinganifu wa sehemu hizo mbili ni uleule wa kimo cha ubao na urefu wa chini. Kwa hiyo mzito na mwepesi wanateleza kwenye mteremko mmoja, ilimradi wametengenezwa kwa kitu kimoja. Jaribuni na vipande viwili vya mbao, kikubwa na kidogo, mtaona.

Kwa namba ya mwendo, inueni ubao kidogo kuliko mara ya kwanza, halafu gongeni ubao kwa kidole ili kipande kianze kwenda. Kama kinasimama, inueni kidogo. Kama kinazidi kukimbia, shusheni kidogo. Mkipata mteremko ambapo kinashuka kwa mwendo uleule, bila kuongeza wala kupunguza, pimeni tena. Sisi tulipata kimo 29 na chini 96, yaani 0.3. Mmeona? Mteremko mdogo haukutosha kukianzisha kipande, lakini kikishaanza hakisimami.

Tukajaribu na kandambili ya mpira: kimo 66, chini 75, yaani 0.88. Tukamwagia ubao maji ya sabuni: kandambili ileile iliteleza kwa kimo cha 25 tu, na chini 97. Hiyo ni 0.26. Mama anayeogesha watoto juu ya sementi, aone mwenyewe.

Njia nyingine ni mizani ya kuvuta, ile ya ndoano tunayoiona sokoni. Tundikeni mzigo, someni kilo zake. Kisha uwekeni sakafuni, muuvute kwa mizani ukiwa umelala sawa. Kama mzigo ni kilo 5, na sindano imefika kilo 2 ndipo ukaanza kwenda, namba tuli ni 2 gawa kwa 5, yaani 0.4. Ukivutwa taratibu sindano ikarudi kwenye 1.5, namba ya mwendo ni 0.3. Hamna haja ya kugeuza kilo kuwa nyutoni, juu pande zote mbili ni kilo.

TURUDI KWENYE PIKIPIKI

Hapa watu wengi wanashangaa. Gurudumu linalozunguka vizuri halitelezi. Pale tairi linapogusa barabara, kwa kitambo kile kidogo, limetulia juu ya barabara, kama mguu wa mtu anayetembea. Kwa hiyo breki ikikanyagwa kwa kiasi, gurudumu likiendelea kuzunguka, unatumia msuguano tuli, ule mkubwa. Breki ikifunga gurudumu, tairi linaburuzika, na unaangukia kwenye msuguano wa mwendo, ule mdogo. Pia tairi linaloburuzika halishiki tena upande, ndiyo maana pikipiki ilikwenda kombo. Dereva wetu alisema sawa kabisa: haikusikii tena.

Tufanye hesabu. Pikipiki inakwenda kilomita 40 kwa saa, yaani karibu mita 11 kwa sekunde. Barabara ina maji, na inateremka mita 1 kwa kila mita 10, kama vichochoro vingi vya Kigali. Kwenye mteremko huo tunatoa 0.1 kutoka kwenye namba ya msuguano, sababu mlima wenyewe unakuvuta. Umbali wa kusimama ni mwendo mara mwendo, gawa kwa 20, gawa tena kwa namba iliyobaki. (Hiyo 20 ni mbili mara 10.)

Gurudumu likizunguka: 0.7 toa 0.1 ni 0.6. Umbali ni karibu mita 10.
Gurudumu likifungwa: 0.5 toa 0.1 ni 0.4. Umbali ni zaidi ya mita 15.

Tofauti ni mita 5. Hiyo ni zaidi ya urefu wa gari dogo, na ndani ya mita 5 mtoto mwenye mpira anatosha. Tena hatujahesabu ile sekunde moja ya kushtuka, ambayo peke yake inakula mita 11. Tuseme ukweli pia kwamba mpira wa tairi haufuati kanuni za Coulomb kikamilifu, na mawe yaliyolainika kwa kukanyagwa ni mabaya kuliko zege. Hesabu hii ni ya kukuonyesha njia, siyo ya kukupa ujasiri.

Vijana wetu wanaofanya kazi ya pikipiki na velo, na wale mliozoea chukudu kule Goma: wakati wa mvua, punguza mwendo kabla ya mteremko, na ukamate breki kidogo kidogo. Magari mapya yana mashine inayoachia na kukamata breki mara nyingi kwa sekunde, ili gurudumu lisifunge. Wewe huna mashine hiyo, una mguu wako na akili yako.

MLIMA NAO UNATELEZA

Kuna jambo moja la mwisho, na hili ni zito. Mlima wenyewe ni mzigo uliolala juu ya mteremko. Udongo unashikwa na msuguano kati ya chembe na chembe. Mvua nyingi ikiingia ndani, maji yanajaza nafasi na kusukuma chembe ziachane, hivyo kani inayokandamiza inapungua, na msuguano unapungua nayo. Udongo ukishaanza kwenda, unafanya kama kipande chetu cha mbao: hausimami.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko yaliua watu zaidi ya 130 hapa Rwanda, wengi wao upande wa magharibi, Rubavu, Rutsiro na Karongi. Wenzetu waliokaa kambi ya Gihembe, Gicumbi, iliyoanza mwaka 1997, wanakumbuka makorongo yaliyokuwa yakila udongo karibu na nyumba, mpaka mwaka 2021 familia zikahamishiwa Mahama.

Kwa hiyo siku ya umuganda, tunapochimba mfereji, kupanda miti na kukata matuta, si adhabu. Mfereji unatoa maji ili msuguano usipungue. Mizizi inafunga udongo. Matuta yanavunja mteremko. Na ukiona ufa mpya juu ya nyumba yako, au mlango ambao jana ulifunga leo haufungi, usingoje kesho. Toa watoto, mwambie kiongozi wa kijiji.

MASWALI YA NYUMBANI

1. Bidoni lenye kilo 20 liko juu ya sementi. Namba tuli ni 0.4, ya mwendo ni 0.3. Unahitaji nyutoni ngapi kulianzisha? Na ngapi kuliendeleza kwa mwendo uleule?

2. Kandambili imeteleza ubao ukiwa na kimo cha 60 na chini 80. Namba tuli ni ngapi?

3. Ile pikipiki iliyofungwa breki ikisimama ndani ya mita 15.4, ingesimama ndani ya mita ngapi kama ingekuwa inakwenda kilomita 20 kwa saa badala ya 40?

Majibu, na usiangalie kabla hujajaribu: la kwanza, 80 na 60. La pili, 0.75. La tatu, karibu mita 3.9, sababu mwendo ukipungua nusu, umbali unapungua mara nne. Hilo la tatu mfundisheni kila dereva mnayemjua.

Yule kijana wetu amerudia swali lake lile, safari hii akaandika 60, na akamweleza mdogo wake kwa nini. Wazazi, chukueni ubao jioni ya leo. Msiogope Kiingereza cha mtoto. Mwambieni aseme namba, nanyi mseme yale miguu yenu inayajua. Tukutane mwezi ujao.